Gereza na Fidia

Lifikiri kidogo, msomaji, neno hili tulitamkalo kila siku: gereza. Halikutoka katika lugha zetu za Kibantu wala halikuletwa na Waarabu. Wataalamu wa lugha husema asili yake ni Kireno, na kwamba katika lugha hiyo maana yake ilikuwa kanisa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na ndani ya kuta zake wakaweka kanisa lao. Jina la kanisa likawa jina la boma, na jina la boma likawa jina la kifungo. Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1895 waliifanya ngome hiyo kuwa nyumba ya wafungwa, nayo ilibaki hivyo hata mwaka 1958.

Kama neno lilivyokuwa geni, ndivyo na jambo lenyewe lilivyokuwa geni kwa watu wengi wa bara. Chukua mfano wa Wakikuyu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1938, alieleza kuwa mtu akiua, wazee waliketi barazani, na ukoo wa muuaji ukatakiwa kuwalipa jamaa za marehemu mbuzi au kondoo 100. Shabaha ya malipo hayo ilikuwa kuziba pengo na kuzuia kisasi. Na kwa kuwa ukoo mzima ulilipa, ukoo mzima ulikuwa na sababu ya kuwaangalia vijana wake.

Lakini tusidanganyike kwamba mambo ya kale yote yalikuwa haki tupu. Fidia ya mwanamke aliyeuawa ilikuwa mbuzi 30 tu, kana kwamba uhai wake haukutimia hata theluthi ya uhai wa mwanamume. Na huko Ukambani, mtu aliyehesabiwa kuwa mwizi sugu au mchawi aliweza kuuawa na umati kwa hukumu iliyoitwa king'ole. Mtu wa namna hiyo hakupewa nafasi ya kujirekebisha.

Serikali ya kikoloni ilipokuja na magereza yake, swali la kwanza halikuwa tena, "Nani amedhulumiwa?" bali, "Sheria gani imevunjwa?" Na sheria zilikuwa nyingi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande kila aendako. Akikamatwa bila hicho alitozwa faini au alifungwa, ijapokuwa hakumwibia jirani yake hata kuku. Adhabu ya namna hii haiwezi kumtia mtu haya, kwa maana moyo wake haumsuti.

Ukali wake ulizidi baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, askari waliwapiga mahabusi waliokataa kazi ya kulazimishwa, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Ujue basi, msomaji, kwamba ukuta wa kifungo huwazuia wafungwa kutoka, na pia huweza kuuzuia ukweli.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilirithi kuta hizo pamoja na desturi zake. Mabadiliko yalikuja polepole. Sheria ya mwaka 1998 iliruhusu mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kuamriwa kuutumikia umma bila malipo, badala ya kufungwa. Mwaka 2003 adhabu ya viboko iliondolewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliwaagiza mahakimu kuuendeleza upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha ugomvi, mradi haki za binadamu zisivunjwe. Hivyo hekima ya wazee imefunguliwa mlango tena, lakini hesabu ile ya mbuzi 100 na mbuzi 30 haina ruhusa ya kuingia nayo.

Haifuati kwamba magereza yabomolewe yote. Wako watu ambao wakiachwa huru watadhuru wengine, na hapana budi wazuiwe. Hata hivyo, mwizi wa mbuzi akifungwa miezi sita, mwenye mbuzi hulala bila mbuzi wake, na mwizi hurudi kijijini hana kitu. Wako wasemao kuwa dawa ya moto ni moto. Lakini mwenye nyumba iliyoungua hajengewi nyumba na moto wa pili. Huenda kesho wewe utakuwa hakimu, au askari, au mzee wa baraza. Kabla ya kuuliza mkosaji afungwe miaka mingapi, uliza nani aliyepotewa, na atarudishiwa nini.