Batman, Bill Finger na mashabiki wasiosahau

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo sitaandika kuhusu programu, ingawa nitaanzia huko huko.

Majuzi mteja mmoja alinikabidhi programu ya zamani niirekebishe. Nilipoifungua nikakuta kazi safi kabisa, ya mtu aliyejua anachofanya. Lakini jina la aliyeiandika halikuwepo popote. Kila faili lilikuwa na jina la mwenye kampuni peke yake, na huyo sidhani kama aliwahi kuandika hata mstari mmoja. Nikauliza ni nani aliyeifanya kazi hii. Nikajibiwa, "Kulikuwa na kijana fulani hapa." Basi, ikaishia hapo. Kijana fulani.

Jioni hiyo nikamkumbuka Bill Finger. Kama humjui, usijali. Dunia nzima ilikuwa haimjui, mpaka mashabiki wa vibonzo walipokataa kunyamaza.

Nakiri kwamba zamani niliwadharau mashabiki hao. Ukitazama picha za kongamano la Comic-Con kule San Diego, Marekani, unaona watu wazima wamevaa majoho na vinyago, wengine wamelala nje usiku kucha wakipanga foleni. Nilidhani ni watu waliokataa kukua. Kisha nikaanza kusoma historia yao, na nikakuta kwamba imejengwa juu ya vitu viwili ambavyo sisi wa tarakilishi tunavijua vizuri: anwani na majina.

Anwani chini ya barua

Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani na kuchapisha majarida ya redio na umeme, alianzisha jarida la hadithi za kisayansi liitwalo Amazing Stories. Katika kurasa za barua za wasomaji alichapisha jina la mwandishi wa barua na anwani yake kamili. Ni jambo dogo, lakini fikiria lilileta nini. Msomaji wa Chicago aliweza sasa kumwandikia msomaji wa New York moja kwa moja, bila kupitia kwa mhariri. Mtandao ukazaliwa, na nyaya zake zilikuwa posta.

Julai 1939 watu wapatao 200 wa mtandao huo walikutana New York kwa kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi. Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walisafiri kutoka Los Angeles wakafika wamevalia mavazi ya watu wa siku za usoni, ambayo Myrtle mwenyewe ndiye aliyeyashona. Huo ndio mmoja wa mizizi ya mavazi yote unayoyaona San Diego leo. Kijana mmoja wa miaka 18 alifika kwa nauli aliyokopeshwa na Ackerman. Jina lake Ray Bradbury, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri.

Mashabiki wa vibonzo walichelewa. Vibonzo vilikuwa vijarida vya senti 10, vya kusoma na kutupa. Mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuchunguza kama vinawaharibu watoto. Waandishi na wachoraji wengi hawakutajwa kabisa ndani ya vijarida hivyo, na baadhi yao waliona haya hata kusema wanafanya kazi gani.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Julius Schwartz, mhariri katika kampuni ya DC ambaye ujanani alikuwa shabiki wa hadithi za kisayansi, alianza naye kuchapisha anwani kamili chini ya barua. Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, akazitumia kuwatafuta wenzake. Mwaka 1961 akaanzisha jarida la mashabiki liitwalo Alter Ego, akisaidiwa na kijana wa Missouri aitwaye Roy Thomas. Matoleo ya kwanza yalichapwa kwa mashine ya kurudufu, kama mitihani ya shuleni. Kufikia 1964 mashabiki walikuwa wakikutana ana kwa ana Detroit na New York, mikutano midogo ya watu wachache.

Mtu aliyealikwa jukwaani

Sasa turudi kwa Bill Finger. Batman alionekana mara ya kwanza mwaka 1939 katika Detective Comics namba 27. Jina lililowekwa lilikuwa moja, la mchoraji Bob Kane, na mkataba wake ulihakikisha libaki hivyo. Lakini hadithi ile ya kwanza iliandikwa na Finger. Kane alipomwonyesha mchoro wake wa mwanzo, wenye mabawa magumu mgongoni, Finger ndiye aliyependekeza joho badala ya mabawa, kinyago kinachofunika kichwa na kuficha macho, na rangi ya kijivu. Jina Bruce Wayne ni lake. Gotham City pia ni jina lake. Aliendelea kuandika hadithi za Batman kwa zaidi ya miaka 20, na jina lake halikuwekwa.

Mwaka 1965 mashabiki waliandaa kongamano mjini New York, wakamwalika Finger kuketi kwenye jopo pamoja na waandishi wengine. Jerry Bails ndiye aliyeongoza mazungumzo. Bails alizungumza naye kwa kirefu, na Septemba mwaka huo huo akachapisha makala katika jarida la mashabiki akieleza waziwazi Finger alifanya nini. Nakala zilikuwa chache mno, pengine chache kuliko watu wanaosoma ukurasa huu.

Lakini zilimfikia Kane. Akajibu kwa barua ndefu kwa jarida la Batmania, akisisitiza kwamba yeye peke yake ndiye aliyemuumba Batman. Kampuni haikubadilisha chochote. Finger alifariki Januari 1974 akiwa na miaka 59, bila kuliona jina lake likiwekwa mahali linapostahili.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu kuhusu mashabiki. Bails hakuwa wakili wala mwandishi wa gazeti kubwa. Alikuwa mtu mwenye mapenzi ya kupita kiasi, na mapenzi hayo yalimfanya aulize swali ambalo wenye kampuni hawakutaka liulizwe. Akaandika jibu. Kilichoandikwa hubaki.

Kutoka watu 300 hadi 130,000

Shel Dorf, mmoja wa waandaaji wa makongamano ya Detroit, alihamia San Diego. Machi 1970 yeye na vijana wa huko waliandaa mkutano wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant, na mgeni wao alikuwa yule yule Ackerman wa 1939. Agosti wakafanya wa siku tatu, wakapata watu 300 hivi. Wageni walikuwa Ray Bradbury, na Jack Kirby, mmoja wa waliomuumba Captain America. Unauona uzi? Kijana aliyekopeshwa nauli sasa ndiye mgeni wa heshima.

Kongamano hilo ndilo Comic-Con ya leo. Tangu 1991 hufanyika katika jumba kubwa la mikutano la jiji, na sasa huvuta zaidi ya watu 130,000. Ukumbi wa Hall H una viti karibu 6,500, na foleni yake ndiyo ile ya kulala nje. Hollywood imehamia pale na matangazo yake, hata wazee wa vibonzo wanalalamika kwamba vibonzo vyenyewe vimesukumwa pembeni. Wana haki.

Lakini kazi ya majina haikukoma. Kuanzia 1973 Bails na mwenzake Hames Ware walichapisha orodha ya watu waliotengeneza vibonzo vya Marekani, juzuu nne kufikia 1976. Mwaka 1994 mashabiki wengine wakaanzisha hifadhidata ya mtandaoni, Grand Comics Database. Huko kila kisa kinaandikiwa aliyekiandika, aliyechora kwa penseli, aliyepiga wino, aliyetia rangi na aliyeandika herufi. Pasipo na jina, mashabiki hutazama namna mkono ulivyochorwa au kivuli kilivyowekwa, wakabishana mpaka wakubaliane. Hawalipwi. Ukitaka kujua subira ni nini, mtazame mtu anayejaza jedwali kama hilo.

Mwaka 1989 filamu kubwa ya Batman ilitoka na jina la Kane pekee. Mwaka huo huo Kane, sasa mzee, alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba Finger alistahili kutajwa. Mwaka 2005 Comic-Con ilianza kutoa tuzo ya Bill Finger kwa waandishi waliosahauliwa. Mmoja wa wawili wa kwanza alikuwa marehemu Jerry Siegel, ambaye pamoja na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Hatimaye, Septemba 2015, kampuni ilitangaza kwamba jina la Finger litawekwa kando ya la Kane. Tangu makala ya Bails ilikuwa miaka 50 kamili.

Miaka 50! Marehemu hakufaidika, lakini mjukuu wake alikuwa hai kuliona.

Nilipokuwa mtoto nilikimbilia Taifa Leo kwa ajili ya Juha Kalulu, nikicheka peke yangu. Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba aliyemchora anaitwa Edward Gitau, na sikujua kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Kuhusu ile programu, nilimsumbua mteja mpaka akanipa namba ya simu ya mtu aliyefanya kazi pale zamani, naye akanipa nyingine. Juzi nilimpata yule kijana fulani. Siku hizi ana duka la vipuri na hataki tena kusikia habari za tarakilishi. Nilimwomba ruhusa, akacheka, akakubali. Jina lake sasa lipo kwenye mstari wa kwanza wa faili la kwanza. Langu liko chini yake.

Haya, tuonane wakati mwingine.