Shylock, Dhahabu na Ratili ya Nyama

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, Mkristo. Mwalimu aliweka wingi. Tena akachagua neno ambalo zamani lilimaanisha mchuuzi tu, lakini katika siku zile kila Mtanzania alilisikia kama mnyonyaji. Kabla pazia halijafunguliwa, tumekwisha kuulizwa: mnyonyaji ni nani humu?

Wengi wetu tungejibu haraka: ni Shylock, Myahudi mkopeshaji. Alimkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Lakini mchezo huohuo unaeleza kwamba Antonio alikuwa akimtemea mate na kumwita mbwa. Kisha binti yake akatoroka na kijana Mkristo, akichukua fedha na vito vya baba yake.

Waigizaji wameitafuta nia ya mtu huyu kwa karne nyingi. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, hivyo watazamaji wa Shakespeare, miaka 300 baadaye, walimcheka mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kuishi naye. Mwaka 1741 Charles Macklin aliacha uchekeshaji, akamwigiza Shylock kama adui wa kutisha. Mwaka 1814 Edmund Kean alimpa maumivu ya binadamu. Mwaka 1879 Henry Irving alimfanya mzee mwenye heshima aliyedhulumiwa. Kisha mwaka 1943, mjini Vienna chini ya Wanazi, alirudishwa jukwaani kama kiumbe cha kuchukiza, wakati Wayahudi wenyewe wakiuawa. Maneno kwa sehemu kubwa yalikuwa yaleyale ya Shakespeare. Kilichobadilika zaidi ni moyo wa walioyasema.

Sisi wa Shinyanga na Geita tuna sababu ya kuutazama mchezo huu kwa makini. Ndani yake mna makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Anayechagua la dhahabu anakuta fuvu la kichwa. Nasi tunaijua dhahabu. Tunawajua wanaoshuka kwenye duara kwa fedha ya mfadhili, na deni lao linavyongoja mifuko ya mawe ambayo huenda isitoke.

Na ratili ya nyama tunaijua pia. Katika miaka ya 2007 hadi 2009, Kanda ya Ziwa iliona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba vinaleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kifo kwa kumuua mvulana mmoja. Vikongwe nao wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa sababu ya macho mekundu, ambayo huenda ni ya moshi wa jikoni. Hatuwezi kumcheka Shylock na kisu chake kana kwamba ni mambo ya Venisi tu.

Kueleza nia ya mtu si kumwondolea kosa. Kisu cha Shylock kinabaki kisu. Lakini tutazame pia mwisho wa kesi. Portia anaomba rehema kwa maneno matamu, kisha Shylock ananyang'anywa mali, na Antonio anataka abatizwe kwa lazima. Wakristo wale walihubiri rehema, na zamu yao ilipofika wakatoa nusu yake tu. Imani haikubali kulazimishwa. Ubatizo wa namna hiyo ni adhabu iliyovishwa joho jeupe.

Kila Kwaresima vijana wetu huandaa igizo la Mateso. Yuda hupewa sauti ya kukwaruza, na umati wa Yerusalemu hufanywa watu wabaya wa mbali. Petro ndiye tunayempenda, ingawa naye alikana. Tuwaombe vijana wetu wamtafute Yuda kama mtu aliyekula sahani moja na Bwana, na umati ule wauvishe nguo zetu za Jumapili. Tukijiona ndani yake, huenda tukachelewa kidogo kumnyooshea jirani kidole.