Vita vya Meli katika Ziwa Viktoria (1914–1916)

Vita hivi vilikuwa mapambano ya Uingereza na Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaliyopiganwa kwa meli za biashara zilizofungwa mizinga, kwa kuwa ziwa hilo halikuwa na manowari, yaani meli zilizoundwa mahsusi kwa vita. Meli za Waingereza, zilizozoea kupakia pamba Port Bell, bandari ya Kampala iliyoko Luzira, ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa kwa reli hadi Kisumu na kuunganishwa upya huko kwa ribiti, bamba kwa bamba. Wajerumani walitegemea meli ndogo ya kukokota, Muansa, ambayo licha ya udogo wake iliitimua Winifred, meli ya Waingereza, huko Karungu, Septemba 1914. Miezi miwili baadaye meli nyingine ya Waingereza, Sybil, ilipwelea huko Majita. Hata hivyo, nguvu ya meli za Waingereza ilikuwa zaidi katika kubeba askari kuliko kurushiana mizinga: Juni 1915 ziliwavusha wanajeshi kutoka Kisumu kwenda Bukoba, ambako mnara wa Wajerumani wa simu ya upepo, yaani mawasiliano yasiyotumia waya, ulilipuliwa. Mwanza ilipotekwa na Waingereza Julai 1916, Wajerumani waliizamisha Muansa wenyewe.