Mpangilio wa mandhari: miti iko wapi, maji yanapita wapi

Mtu aliyesimama kwenye mwamba wa Irente, karibu na mji wa Lushoto, akaitazama nyika ya Mazinde kule chini, atakuambia mandhari inapendeza. Mtaalamu wa ikolojia akilitumia neno hilohilo, hazungumzii uzuri. Kwake mandhari ni eneo lenye msitu, mashamba, nyumba, barabara na mito, na kinachomshughulisha ni kipi kimekaa wapi na kimepakana na nini. Huo ndio mpangilio wa mandhari.

Wapo watakaopendelea "ruwaza ya mandhari", na si kosa. Ila ruwaza ni neno la darasani; bwana shamba akilitamka kwenye mkutano wa kijiji itambidi alifasiri papo hapo. "Sura ya nchi" nayo imeshachukuliwa na walimu wa jiografia. Mpangilio ni neno jepesi, tena linadokeza kwamba kilichopangwa kinaweza kupangwa upya.

Taaluma yenyewe ilipewa jina na Mjerumani Carl Troll mwaka 1939, katika kazi yake ya kusoma picha zilizopigwa kutoka angani. Mwaka 1986 Richard Forman na Michel Godron wakaigawa mandhari katika viraka, shoroba, na ardhi inayovizunguka. Washambaa, wenyeji wa milima hii ya Usambara, hawakumsubiri Troll. Tangu zamani walitofautisha Shambaai, nchi ya milimani, na nyika, nchi kavu ya chini, na vijiji vingi vikakaa karibu na ukingo wa milima ili watu walime kote kuwili.

Sasa tuje kwenye maji. Chukua mabonde mawili, kila moja robo yake ni miti. La kwanza miti yote iko kileleni, na kabichi na karoti zimeteremka hadi mtoni. La pili miti imeufuata mto. Kwa asilimia yanalingana, kwa maji hayalingani hata kidogo. Masika yakianza, bonde la kwanza linamwaga udongo mwekundu moja kwa moja mtoni, pamoja na fosforasi ya mbolea iliyong'ang'ania chembe zake. Kwenye la pili maji hupunguzwa kasi na majani na mizizi, na sehemu kubwa ya udongo hutua njiani. Naitreti ni kaidi zaidi, kwa kuwa huyeyuka na kupita chini kwa chini. Hiyo dawa yake ni ardhioevu, ambako bakteria wa tope lisilo na hewa huigeuza kuwa gesi. Wala si kila mti unafaa: wakulima wa Lushoto wana malalamiko ya siku nyingi kuhusu mikalitusi iliyopandwa kwenye chemchemi.

Mijini mambo ni hayohayo. Ardhioevu ya Nakivubo, Kampala, hupokea maji machafu ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, si mbali na Ggaba yanakochotwa maji ya kunywa. Hata mafunjo yakiwepo, maji yaliyokusanywa kwenye mfereji hukatiza haraka bila kuchujwa. Anayechora bustani ya ardhioevu, iwe bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam au penginepo, aanze kuuliza kama maji yatapita kati ya mimea au kando yake.

Usambara imeshapangwa upya zaidi ya mara moja. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha Washambaa kulima kwa matuta. Wakagoma, mpango ukafa. Miaka ya 1980 mradi wa kudhibiti mmomonyoko wa udongo, SECAP, ukaja na mistari ya majani ya gwatemala yaliyopandwa kukinga mteremko. Hayo yalizuia udongo, na yalipokatwa yakawa chakula cha ng'ombe wa zizini. Ng'ombe huyo, kwa maoni ya mwandishi, ndiye aliyeleta tofauti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya 2004, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye mabonde membamba ya Lushoto, mita 60 kila upande zinaweza kumeza bustani nzima ya mboga, na ada ya shule pamoja nayo. Usambara Mashariki wamejaribu njia ya ushirikiano. Mto Zigi hujaza bwawa la Mabayani linalolisha jiji la Tanga. Huko wakulima wa juu waliunda umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga ikawa mshirika wao.