Watu wamehama, viti vya Bunge vingali pale pale

Mkenya atakayepiga kura Agosti 10, 2027 atamchagua mbunge wa eneo ambalo mipaka yake ilichorwa kwa hesabu ya watu waliolala nchini usiku wa Agosti 24, 2009. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja usiku huo atakuwa ametimiza umri wa kupiga kura.

Kati ya hesabu hiyo na sensa ya Agosti 2019, idadi ya Wakenya ilipanda kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296. Ongezeko hilo la karibu asilimia 23 halikuenea sawasawa. Kaunti ya Kajiado, inayopokea wafanyakazi wa Nairobi wanaotafuta nyumba na viwanja Ongata Rongai, Ngong na Kitengela, iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, kutoka watu 687,312 hadi 1,117,840. Kiambu ilipata karibu watu 800,000 zaidi. Nyeri, iliyo umbali wa saa chache tu kwa matatu, iliongeza watu 65,606 katika miaka yote kumi. Vijana wake wengi wanatafuta riziki kwingine, na familia za huko ni ndogo kuliko zilivyokuwa zamani.

Idadi ya wabunge haikubadilika. Kajiado ina watano, Kiambu 12 na Nyeri sita. Kwa hesabu ya 2019, kila mbunge wa Nyeri anawakilisha wastani wa watu 126,500 hivi, ilhali mwenzake wa Kajiado anawakilisha zaidi ya 223,000.

Kipimo cha Katiba

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaweka maeneobunge 290. Ili kupata kipimo cha kila eneo, jumla ya wakazi wa nchi hugawanywa kwa 290. Mwaka 2009 kipimo hicho kilikuwa watu 133,138. Kwa sensa ya 2019 kimefika 164,015.

Katiba haidai usawa kamili. Eneobunge la kawaida laweza kuzidi au kupungukiwa kwa asilimia 30, na katika miji mikuu na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, kwa asilimia 40. Tume ya uchaguzi hutakiwa pia kuzingatia umbile la ardhi, njia za mawasiliano, historia, utamaduni na mahusiano ya kiuchumi ya wakazi. Mipaka hiyo sharti ichunguzwe upya kila baada ya muda usiopungua miaka minane wala kuzidi 12.

Wengi huamini kwamba asilimia 40 ya miji ni upendeleo kwa miji. Matokeo yamekuwa kinyume. Mwaka 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369, idadi ambayo kwa kipimo cha kawaida ingestahili zaidi ya viti 23. Ilipewa 17, kila kimoja kikiwa na wastani wa watu 184,600, chini kidogo tu ya kilele kilichoruhusiwa cha 186,393. Jiji lilianza safari likiwa limejaa hadi mlangoni.

Miaka kumi baadaye Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Wastani wa kila eneobunge umefika 258,000, ilhali kilele cha sasa ni 229,621. Hata kwa kipimo kilegevu kabisa jiji limevuka mpaka wa sheria, na kwa kipimo cha kawaida lingestahili viti 26 au 27.

Zamani waliongeza viti

Malalamiko ya aina hii si mageni, ila dawa yake ndiyo iliyobadilika. Baraza la Wawakilishi la mwaka 1963 lilikuwa na maeneobunge 117. Lilipounganishwa na Seneti mwishoni mwa 1966 viti vikawa 158. Baadaye vikawa 188 na, kuanzia uchaguzi wa 1997, 210. Kila mara mvutano ulipozwa kwa kuongeza viti, na aliyepungukiwa watu aliachiwa chake.

Mtindo huo uliacha tofauti za kushangaza. Katika sensa ya 2009 eneobunge la Embakasi jijini Nairobi lilikuwa na watu zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja. Lamu Mashariki, yenye wakazi wasiofika 20,000, nayo ilikuwa na mbunge mmoja.

Embakasi iligawanywa mara tano na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) mwezi Machi 2012, baada ya mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Andrew Ligale kuzua vita vya maneno na kesi mahakamani. Viti 80 vipya vilikuwa vya kugawanywa, na kila mwamba ngoma huivutia kwake. Hata hivyo hakuna aliyepoteza. Jedwali la Sita la Katiba lilisema kwamba ugawaji wa kwanza usifute eneobunge lolote lililokuwepo, na hivyo zaidi ya maeneobunge 20 yasiyofikisha idadi ya watu yakanusurika.

Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja. Katika ugawaji unaofuata viti ni vile vile 290, na kitakachoongezwa Ruiru lazima kitoke mahali pengine. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na pengine ndiyo sababu wanasiasa wachache sana wamekuwa na haraka nalo.

Nani atatoa, nani atapokea

Kwa hesabu kavu, Nyeri yenye watu 759,164 ingestahili viti vinne au vitano badala ya sita. Vihiga, kaunti iliyosongamana lakini inayosafirisha vijana wake mijini, ingebaki na vitatu au vinne badala ya vitano. Taita-Taveta yenye watu 340,671 ina wabunge wanne, na kipimo kinaipa wawili.

Wapokeaji ni Nairobi, Kiambu na Kajiado. Ikumbukwe kwamba mara nyingi anayepoteza na anayepokea ni jamaa wa ukoo mmoja. Wanasiasa wa Mlima Kenya hulalamika kwamba eneo lao litanyang'anywa viti, lakini wengi wa waliotoka Nyeri na Murang'a wamehamia Kiambu na Nairobi, na viti vingewafuata huko. Ndani ya Kiambu kwenyewe, Ruiru ilikuwa na watu zaidi ya 370,000 mwaka 2019, na Gatundu Kaskazini takriban 110,000.

Si kila mahali hesabu hutoa jibu rahisi. Lamu nzima ilikuwa na watu 143,920 mwaka 2019, na 22,258 kati yao walikuwa Lamu Mashariki. Hata kwa kiwango cha chini kabisa cha watu 98,409, kaunti hiyo haiwezi kutimiza maeneobunge mawili. Likibaki moja, Mbajuni wa Faza au Kizingitini, ambaye hufika makao makuu ya kaunti kwa mashua, atakuwa na mbunge mmoja na mkazi wa Mpeketoni, ambako familia nyingi zilihamia kutoka bara chini ya mpango wa serikali wa kugawa ardhi ulioanza miaka ya 1970. Kura za visiwani zitakuwa tone katika ndoo. Visiwa havikupungukiwa watu. Ni bara iliyojaa upesi zaidi, na swali la nani aliileta idadi hiyo halijawahi kuwa la hesabu peke yake.

Seneti, ambako kila kaunti huchagua seneta mmoja bila kujali ukubwa wake, iliwekwa kwa ajili ya wasiwasi wa namna hiyo. Lakini seneta hana hazina ya eneobunge. Tangu hazina ya CDF ilipoundwa mwaka 2003, sehemu kubwa ya fedha zake imegawanywa kwa usawa baina ya maeneobunge, kubwa na dogo. Mahakama Kuu ilitangaza sheria ya hazina hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Septemba 2024. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, eneobunge lililosongamana lilijenga madarasa yake kwa kitita kile kile kilichopewa eneo lenye wanafunzi wachache.

Alipolala na anapopigia kura

Sensa humhesabu mtu mahali alipolala. Daftari la wapiga kura humweka mahali alipojiandikisha. Mpangaji wa gorofa ya Pipeline aliyejiandikisha kijijini kwao Butere huiongezea Embakasi Kusini hoja ya kupata kiti kingine, kisha siku ya uchaguzi hupanda basi kwenda kumchagua mbunge wa magharibi. Watoto nao huhesabiwa, kwa kuwa kipimo ni cha wakazi wala si cha wapiga kura.

Viongozi wanalijua hilo. Kabla ya sensa ya 2019 baadhi yao waliwasihi watu wao walioko mijini warudi nyumbani wakahesabiwe huko.

Kaskazini Mashariki ugomvi umekuwa mkali zaidi. Mwaka 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa katika wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, akisema idadi zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Sensa ya 2019 nayo ilionyesha Mandera ikishuka kutoka watu 1,025,756 hadi 867,457. Viongozi wa huko walipinga, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikabatilisha matokeo ya Mandera, Wajir na Garissa na kuamuru watu wahesabiwe upya.

Muda uliopita

Jaribio la kurudia dawa ya zamani lilifanywa kupitia mswada wa BBI mwaka 2020, uliopendekeza viti 70 zaidi, 12 vikiwa vya Nairobi na sita vya Kiambu. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ziliuzima mwaka 2021, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika ugawaji wa viti hivyo.

Muda wa miaka 12 uliisha Machi 2024 bila IEBC kuwa na kamishna hata mmoja, kwani waliobaki walikuwa wameondoka Januari 2023. Makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon waliapishwa Julai 2025, tayari wakiwa wamechelewa. Waliomba ushauri wa Mahakama ya Juu kuhusu muda uliopita na takwimu zilizobatilishwa, lakini Septemba 2025 mahakama hiyo ikakataa kuutoa. Katiba inasema mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi unaofanywa ndani ya miezi 12 baada ya kazi kukamilika, na tume ilieleza kwamba haingewahi kabla ya uchaguzi wa 2027.

Kwa mzunguko wa miaka kumi, sensa nyingine ni ya mwaka 2029. Ugawaji ukifanywa baada ya 2027, tume italazimika kuchagua kati ya takwimu za 2019, zenye doa la mahakama katika kaunti tatu, na kusubiri hesabu mpya, huku muda wa kumaliza kazi kabla ya uchaguzi wa 2032 ukiyoyoma.