Michoro ya Wajenzi wa Programu na Habari za Koo za Ugogo

Katika mwaka wa 1928 Vladimir Propp, mwanachuoni wa Urusi, alionyesha kwamba ngano mia moja za kwao zaweza kupangwa katika matendo 31 yenye kufuatana. Wajenzi wa programu za kompyuta walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1987 David Harel alieleza namna ya kuchora hali za mtambo: kila hali hutiwa kisandukuni, na mshale huonyesha tukio liigeuzalo kuwa hali nyingine. Michoro hiyo imo katika UML, lugha ya michoro iliyotungwa na Booch, Rumbaugh na Jacobson, ikakubaliwa kuwa kanuni mwaka 1997.

Atakaye kuijaribu njia hii katika nyanda za kati za Tanzania anacho kitabu cha Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichotoka mwaka 1954. Swali ni mchoro upi utumike. UML inao mchoro wa aina, ambao hukipa kila kitu sifa zake za kudumu na mzazi wake. Nao hauko mbali na mti wa nasaba. Mti humfaa sana mtawala, kwa kuwa una shina. Waingereza walipoweka sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, nasaba ikawa hoja ya kupatia cheo, na hoja hiyo haikuondoka mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963.

Lakini habari za koo zaukataa mti. Ukoo mmoja hutajwa kuwa umetoka Uhehe, mwingine Unyamwezi, mwingine Ukaguru. Wote wakawa Wagogo. Hapo mchoro wa hali ndio ufaao: Ugogo ni hali inayofikiwa, na safari, ndoa, ng'ombe na njaa ndiyo mishale. Mishale mingine hutoka nje, kama ilivyokuwa katika njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, watu walipotawanyika.

Sauti ya msimulizi, kweli, haina kisanduku. Hata hivyo mchoro hudai kila mshale uandikwe sababu yake, na msimulizi asemapo tu "wakahama", mshale hubaki mtupu. Mahali hapo patupu ndipo pa kwenda kuwauliza wazee, nao hupungua kila mwaka.