Kiraka Kisiporudi kwenye Chanzo

Neno 'kiraka' limetembea. Wazee walilijua kama kipande cha kitambaa kinachoshonewa nguo iliyotoboka. Watangazaji wa kandanda wakalichukua, wakamvisha mchezaji anayeweza kuchezeshwa popote: leo beki, kesho kiungo. Barabarani ni lami inayojazwa shimoni. Na kwa wanakompyuta, kiraka ni kipande cha msimbo kinachotiwa katika programu ili kuondoa kasoro au kuiongezea uwezo. Maana hii ya mwisho ndiyo ninayotaka tuitazame leo, kwa sababu historia yake inagusa, kuliko tunavyodhani, hali ya lugha zetu, Kidawida cha Taita Taveta kikiwemo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi uliokuja kuitwa Unix. Sifa yake ilikuwa zana ndogondogo, kila moja na kazi yake: ls huorodhesha mafaili, sort hupanga mistari, cut hukata sehemu ya mstari, date hutaja tarehe. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuandika upya zana za namna hiyo ziwe huria, yaani kila mtu aweze kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux. Zana na kiini vikaoana. Mwaka 2003 zana hizo za msingi, zilizokuwa katika vifurushi vitatu, zikaunganishwa kuwa kimoja kinachoitwa coreutils.

Lakini msimbo mbichi haukai wenyewe kwenye kompyuta ya mtu. Yupo anayeukusanya, anayeujenga na kuufikisha. Huyo ndiye msambazaji. Slackware na Debian walianza mwaka 1993. Red Hat na SUSE wakaja katika miaka hiyohiyo. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikatoka mwaka 2004. Kila msambazaji huchota msimbo kwenye chanzo kimoja, kisha huutia viraka vyake kabla ya kuugawa. Njia ya kufanya hivyo ilirahisishwa mwaka 1985, Larry Wall alipotoa programu iitwayo patch. Badala ya kutumiana programu nzima, watu walianza kutumiana ile mistari tu iliyobadilika.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Chanzo kinapotoa toleo jipya, viraka vya msambazaji havihami vyenyewe. Ni lazima avibandue kwenye toleo la zamani na kuvishona upya kwenye jipya. Mistari imesogea, majina yamebadilika, pengine sehemu aliyoitia kiraka imefutwa kabisa. Akikosea mshono, programu huvunjika. Akichoka, watumiaji wake hubaki na toleo kuukuu. Kazi hiyo hujirudia kila toleo, mwaka hadi mwaka, hadi siku ambayo chanzo chenyewe kitakubali badiliko lile. Siku hiyo kiraka hutupwa, kwa kuwa nguo yenyewe imefumwa upya.

Msomaji wa Voi ataliona jambo hili kwa urahisi. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Maji yakitiwa tope kwenye chemchemi, kila nyumba iliyo chini italazimika kuchuja kivyake, kila siku, kwa kitambaa chake. Ukisafisha chemchemi, wote wamepona. Wanakompyuta nao husema msimbo una 'juu' na 'chini' kama mto. Mimi napendekeza tuseme 'chanzo', neno ambalo tayari lina maji ndani yake.

Hebu tutazame kisa kimoja kilicho karibu na wapenzi wa lugha. Zana nyingi za msingi ziliandikwa na watu ambao herufi kwao ilikuwa baiti moja, kwa kuwa Kiingereza kinatosha humo. Lakini katika mfumo wa UTF-8, herufi ĩ ya Gĩkũyũ na Kikamba huchukua baiti mbili. Iambie cut ikupe herufi mbili za mwanzo za neno 'Gĩkũyũ', nayo itakupa G nzima na nusu ya ĩ. Nusu ya herufi! Mwongozo wa zana hiyo ulikiri kwa miaka mingi kwamba chaguo la kukata kwa herufi linafanya kazi sawa na la kukata kwa baiti, na kuahidi kwamba mambo yatabadilika baadaye.

Wasambazaji wengine hawakungoja. Red Hat na SUSE walibeba kiraka kikubwa, mistari maelfu, kilichozifundisha cut, sort, uniq, join na wenzao kuhesabu herufi badala ya baiti. Debian hawakukibeba. Wenye chanzo nao walikiona kizito: kilirudufu sehemu kubwa za msimbo na kupunguza kasi ya zana. Basi ikawa kwamba amri ileile, juu ya faili lilelile, inatoa jibu moja kwenye mashine ya Fedora na jibu jingine kwenye mashine ya Ubuntu. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye moja na kuajiriwa kwenye nyingine angedhani amerogwa.

Mwaka 2013 bei ya kiraka hicho ilijulikana. Ilibainika kwamba mstari mrefu kupita kiasi uliweza kuziangusha sort, uniq na join. Kasoro hiyo haikuwa kwenye chanzo. Ilikuwa ndani ya kiraka chenyewe, mahali ambapo macho ya wengi hayakuwa yakifika. Na hili ndilo la kushika: msimbo wa chanzo husomwa na watu wa kila msambazaji, ilhali kiraka cha nyumba moja husomwa na wenye nyumba tu.

Visa vikubwa zaidi vipo. Mwaka 2006 msimamizi mmoja wa Debian aliondoa msimbo kidogo katika OpenSSL, maktaba inayotengeneza funguo za siri, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kilikuwa kikilalamika juu yake. Msimbo huo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu. Hadi mwezi Mei 2008 kosa lilipotangazwa, mashine za Debian na Ubuntu zilikuwa zikitoa funguo kutoka kundi la 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Eti siri! Kompyuta ya kawaida ingeweza kuzijaribu zote.

Mwaka 2024 historia ikajirudia kwa sura nyingine. Debian na Fedora walikuwa wameitia kiraka programu ya OpenSSH, inayofungulia mlango wa seva kutoka mbali, ili iweze kuzungumza na systemd. Kiraka hicho kiliburuta ndani maktaba ya xz, ambayo OpenSSH ya asili haikuihitaji kabisa. Mtu aliyejijengea uaminifu katika mradi wa xz kwa zaidi ya miaka miwili akatia humo mlango wa nyuma. Mhandisi Andres Freund aliugundua mwishoni mwa Machi kwa sababu kuingia kwenye mashine kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo ya majaribio ndiyo yaliyokuwa yameambukizwa. Dunia iliponea chupuchupu. Mwezi Julai mwaka huohuo chanzo cha OpenSSH kikaongeza chenyewe uwezo ule uliokuwa ukitafutwa kwa kiraka, bila ile maktaba ya ziada.

Je, tuseme viraka ni vibaya? La hasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msambazaji anayeona kasoro leo hawezi kuwaambia watumiaji wangoje mwaka mzima. Wasomaji wa lugha zenye herufi za baiti nyingi walihudumiwa na Red Hat na SUSE wakati chanzo kilikuwa hakijawa tayari, na hilo ni jema lisilokanushika. Kosa ni kukisahau kiraka baada ya kukishona. Kuanzia 2024 chanzo cha coreutils kimeanza kuzipa baadhi ya zana, kama join, uniq na fold, uwezo wa kushughulikia herufi hizo. Kazi ambayo wachache waliibeba mgongoni kwa zaidi ya miaka 20 inaanza kushushwa.

Sasa turudi Taita Taveta. Kiswahili na Kidawida vimeponea taabu ya baiti kwa kuwa vinaandikwa kwa herufi za kawaida. Lakini vina ritifaa. Andika jina Mwang'ombe, jina la kawaida kabisa katika orodha yoyote ya Wataita, kwenye dirisha la amri bila kulikinga, na kompyuta itadhani umefungua alama ya kunukuu. Itakaa kimya ikingoja uifunge. Na ukipanga majina, mpangilio wa kale huiweka ritifaa mbele ya herufi zote, kwa hiyo Mwang'ombe humtangulia Mwangi, ilhali mpangilio unaoiruka ritifaa humtanguliza Mwangi. Sisi tunajua kwamba ng' ni sauti moja. Mashine haijui mpaka iambiwe.

Na mashine huambiwa wapi? Ipo hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode. Simu za Android, vivinjari na programu chungu nzima huchota humo majina ya siku, miezi, nchi na lugha. Kidawida kimo humo tangu miaka ya mwanzo ya 2010, kwa alama 'dav', sambamba na Kikamba, Kimeru, Kiembu na ndugu zao wengine. Mtandao wa ANLoc ulikuwa katika miaka hiyo ukikusanya data za lugha za Afrika ili ziingie kwenye chanzo, zisiishie kwenye kiraka cha mtu mmoja. Ukifungua orodha ya lugha katika simu ya Android, utaikuta Kitaita.

Faili hilo linasomeka kwa raha. Jumapili ni Ituku ja jumwa. Jumatatu ni Kuramuka jimweri, Jumanne Kuramuka kawi, Jumatano Kuramuka kadadu, Alhamisi Kuramuka kana, Ijumaa Kuramuka kasanu. Jumamosi ni Kifula nguwo, na hata asiyejua Kidawida atasikia humo kufua nguo. Tazama hesabu. Kiswahili kinaanza kuhesabu Jumamosi, ndiyo maana siku ya 'tatu' ni Jumatatu. Kidawida kinaanza baada ya Jumapili, kwa hiyo Jumatatu yetu ni siku ya kwanza yao, na Jumanne yetu ni kawi, yaani mbili. Mgeni anayetafsiri kwa kulinganisha tarakimu angeteleza siku mbili nzima. Kazi hii inamtaka mwenye lugha.

Na faili lina mapengo. Mahali pa kutofautisha saa za kabla na baada ya adhuhuri, pamesomeka kwa miaka mingi 'Luma lwa K' na 'luma lwa p', kama mtu aliyeitwa na wageni kabla ya kumaliza kuandika. Jina la lugha nalo limeandikwa Kitaita, ilhali wenyewe husema Kidawida. Mapengo hayo humfikia kila anayechota, kutoka Wundanyi hadi Mwatate.

Anayetaka date imtajie siku kwa Kidawida anaweza kujiandikia faili lake la lugha na kulisakinisha kwenye mashine yake. Litafanya kazi vizuri. Siku mashine hiyo itakapokufa, litakufa nalo. Hicho ni kiraka cha nyumbani. Shirika la Unicode hufungua vipindi vya kupokea masahihisho kutoka kwa umma, na neno moja likisahihishwa pale huteremka lenyewe hadi kwenye simu za watu ambao hawatajua kamwe ni nani aliyelisahihisha.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuwakemea vijana wanaoacha lugha zao. Leo inawahusu pia wanaozipenda lugha hizo lakini wanaishia kulalamika barazani kwamba simu inakosea. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo, walimu wapo, wazee wanaojua Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, lugha tatu ambazo faili moja haliwezi kuzisemea, wangalipo. Wakae pamoja wakubaliane jinsi ya kuandika asubuhi na jioni, na jina la lugha yenyewe, kisha waipeleke kauli yao kwenye chanzo. Pa kuanzia pajulikana: lile neno lililokatizwa kwenye herufi K.